Sauti ya Karani wa Stempu

3 Machi

Kwako Baba mpendwa, mkuu wa nyumba, kwako Mama, na kwako Shangazi, ambaye najua ndiwe unayewasomea wenzako barua hii sebuleni,

Shikamooni nyote. Natumaini mgongo wa Mama umetulia, na Baba anakunywa dawa zake bila kuviziwa. Mimi ni mzima, ila macho yamechoka kwa kushinda kwenye chumba cha uhariri.

Kabla ya habari, shukrani. Hii ni filamu yangu ya tisa, na zote nimezipiga mkoani kwetu, kwa lugha ya nyumbani, bila kampuni yoyote nyuma yangu. Mlinipa sebule, mkanipa jiko, na Mama akapikia watu kumi na mmoja huku akikatazwa kupita mbele ya kamera katika nyumba yake mwenyewe.

Sasa habari. Kampuni kubwa ya usambazaji imeitaka filamu hii, ambayo Baba anacheza karani wa stempu, kazi aliyoifanya kweli hadi kustaafu. Wataipeleka kwenye majumba ya sinema nchi nzima. Sharti ni moja: sauti ya Baba iondolewe, iwekwe ya mwigizaji mwingine. Wanasema kigugumizi kinachosha watazamaji. Wanataka jibu kabla ya mwisho wa Aprili.

Baba, sauti ni yako. Sitajibu mpaka uniambie.

Binti yenu


15 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo wa mama yako umetulia. Dawa nakunywa, shangazi yako anavihesabu vidonge kama askari jela.

Nami nianze kwa shukrani. Miaka thelathini na miwili nilikaa nyuma ya dirisha la posta, wateja wakinimalizia maneno. Nikianza, "Ste...", wao, "Stempu, mzee, stempu mbili!" Sikuwalaumu, foleni ilikuwa ndefu. Wewe ndiwe wa kwanza kuniweka mbele ya watu na kuniambia, "Zungumza, Baba."

Nakumbuka siku uliyokosea. Karani alikuwa anamwomba radhi mama aliyepotezewa barua ya mwanawe. Nilikwama kwenye neno "samahani", ukadhani nimemaliza, ukapaza sauti, "Kata!" Mjomba wako akakataa kuzima kamera. "Kata nini? Shemeji hajamaliza!" Neno likatoka. Na wewe, mwongozaji mzima, ukalia. Kipande hicho ndicho ulichofungia filamu.

Hilo lanitosha. Waache waweke sauti yao. Miaka kumi na miwili umebeba filamu zako kwenye kumbi za shule, ukifunga shuka ukutani. Mlango umefunguka, usiufunge kwa ajili ya ulimi wangu.

Baba yako


22 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako, nikaisoma tena. Sitabishana nawe.

Kampuni imetuma sampuli ya dakika saba yenye sauti mpya. Nimeitia kwenye diski hii. Itazameni wote watatu. Ukiniambia tena hivyo hivyo, nitatia sahihi. Tarehe ishirini na sita Aprili kikosi changu kitakutana hapa kuandika jibu.

Nasubiri.

Binti yako


24 Aprili

Kwako kiongozi wa kazi, ambaye pia ni binti yangu. Kwako shemeji yangu, mpiga picha. Kwako fundi wa sauti. Na kwenu nyote mliosimama siku nzima katika jiko letu,

Salamu za heshima. Shemeji, nakuomba uisome barua hii kikaoni, taratibu. Sisi hatujambo. Nimekawia kwa sababu mwezi mzima nimekuwa nikiandika na kuchana.

Diski tuliitazama Jumapili baada ya chakula. Sauti ile ni nzuri: nzito, haina doa. Nilipofungua mdomo kwenye picha na ikatoka, binti yangu, mama yako aliweka kikombe chini. "Huyu mwanamume ni nani jikoni mwangu?" Shangazi yako alicheka hadi akashika kiti. Mama yako hakucheka. "Mtu anayezungumza haraka hivi, hata akiniambia kunanyesha, nitatoka kuangalia."

Kisha tukafika kwenye "samahani". Mwigizaji alilitamka mara moja, kama anayempisha mtu mlangoni. Mdomo wangu ulikuwa bado unahangaika, sauti imeshaondoka. Sikuona haya kwa ajili yangu. Niliona haya mbele yenu. Siku ile mlisimama kimya, vifaa mikononi, mkilisubiri neno moja la mzee mmoja. Nilikuwa nimetoa ruhusa ya kufuta subira yenu, nayo haikuwa yangu kuitoa. Sijapata kuwashukuru kwa hilo. Nawashukuru leo, kila mmoja.

Kwa hiyo uamuzi wangu, ambao nawaomba muutekeleze, ni huu. Sauti haiondoki. Kampuni ijibiwe kwa adabu, kabla kikao hakijafungwa. Filamu ionyeshwe kwanza hapa, katika ukumbi wa wastaafu wa posta, tarehe kumi na saba Mei, ukumbi nimeshauomba. Shemeji alete projekta. Fundi wa sauti awahi asubuhi, kwani spika zao zinakwaruza. Binti yangu akae safu ya mbele na apumzike, kwa sababu atakayesimama kuitambulisha filamu ni mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Hotuba yangu ni ya dakika tano. Kwenye ratiba andikeni nusu saa.

Baba yenu