Bangili Kwenye Msumari

Chumba cha Sampuli,
Ghorofa ya chini.
Jumatano, 14 Agosti

Mpendwa Dada,

Hujambo huko uliko? Shemeji naye, kikohozi kimeisha au bado anakitunza? Sisi wazima. Mama magoti yanamsumbua, ila mdomo haujambo kabisa.

Nimepanda cheo: nimeacha ufagio wa maabara, nimepewa chekeche. Wakulima huleta udongo wajue una madini gani, hata yale ya chembe chache mno. Unakaushwa, Mzee Kinu anausaga, mimi nauchekecha, kisha unashindiliwa uwe kidonge na kuingia kwenye mashine ya eksirei inayosoma madini yake. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nafagia polepole, nikiwatazama.

Sasa nina la kuungama. Mwezi mzima kila kidonge kilionyesha shaba na zinki, mashamba yote sawasawa, utadhani yamezaliwa tumbo moja. Mkuu wetu, mama asiyecheka, akamshukia Mzee Kinu kwamba hasafishi kinu.

"Mama, kinu hiki nakiosha kuliko ninavyojiosha mwenyewe."

Hakuaminiwa. Akaambiwa Ijumaa ndiyo mwisho wake.

Alhamisi nikachekecha mchanga safi ambao haukupita kinuni, nikaushindilia, nikauingiza mashineni. Shaba ileile. Nikautazama mkono wangu.

Bangili yako, Dada, ya shaba iliyochanganywa na zinki. Ile uliyonivisha siku unaondoka, ukaniapisha nisiivue mpaka urudi. Kumbe ilikuwa inajisugua kwenye ukingo wa chekeche, vumbi lake linadondokea humo humo. Miaka sita sijaivua hata wakati wa kuoga.

Niliivua kwa sabuni, mafuta na nusu saa ya kuomba radhi. Nikaosha chekeche, nikarudia kwa mchanga mwingine safi: shaba hakuna. Nikaipeleka kwa mkuu nikamwambia, "Mkosaji huyu hapa." Vidonge arobaini tumevifanya upya. Mzee Kinu amebaki kazini, na mimi ananiita Shaba.

Bangili naitundika kwenye msumari mlangoni, naivaa nikitoka. Lakini siku ile ya kwanza, Dada, nilifanya ujinga. Tulisema itatoka siku utakayorudi. Ilipotoka, nikaenda dirishani nikaangalia barabara.

Msalimie shemeji na wale pacha wasionijua. Mama anakuombea uzima, na nauli.

Mungu akulinde, akukumbushe njia.

Ni mdogo wako, akupendaye hata mkono ukiwa mtupu,

Shaba