Gari Lenye Wivu

Jumatatu, 3 Machi

Limeanza tena! Tumetoka kujaza mafuta, tangi pomoni, hatujafika hata kona ya duka la vioo — linatetemeka kama mwenye homa. Linamisi, injini inaruka mapigo, linakohoa, linataka kuzima. Mzee akalibembeleza: taratibu, mama, taratibu. Nikamjibu mbona nimetulia. Tukacheka mpaka likazima kweli, katikati ya mzunguko, lori nyuma yetu linapiga honi. Kicheko kikaisha.

Plagi mpya. Filta mpya. Wapi! Mzee anashikilia kwamba petroli imetiwa maji. Hiki ni kituo cha tatu tunachohamia. Vyote vina maji?

Jumanne, 4 Machi

Meneja kapiga simu. Jina hilo mwanetu alipewa na baba yake alipokuwa darasa la pili, kwa kutupangia nani akae wapi mezani. Hajabadilika. Kasikia habari ya lori — nani kamwambia? Mimi. Mdomo wangu huu! Sasa anasema gari ni hatari. Jumamosi ya wiki ijayo anakuja kulijaribu mwenyewe. Likimisi, anaondoka nalo, linauzwa.

Ana haki, alilinunua yeye na kadi ina jina lake. Lakini Mzee! Maisha yake yote kaendesha malori ya dizeli. Alipostaafu alikaa kitini kama mzigo uliosahauliwa stendi, hata redio hataki. Gari hili ndilo lililomnyanyua. Wakilichukua, wamenichukulia mume.

Jumatano, 12 Machi

Nimerudi kutoka kumuuguza dada. Mzee kanipokea stendi, injini inanguruma kwa upole kama cherehani iliyotiwa mafuta. Kumbe alijaza tangi juzi, peke yake, na halikukohoa hata mara moja!

Ananitania: gari hili lina wivu na wewe, nikiwa nalo wawili tu ni raha mustarehe. Nimecheka. Moyoni imenichoma kidogo. Kwani mimi nina nuksi gani?

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda gereji mwenyewe, kwa miguu. Fundi wetu alikuwa chini ya gari, miguu tu nje. Nikaieleza ile miguu shida yangu. Miguu ikauliza: mkiwa wawili mnajazaje?

Tunajaza kama siku zote. Pampu ikikata yenyewe tangi likijaa, Mzee anashika paa upande wake, mimi upande wangu, tunalitikisa gari hewa itoke, halafu tunaongeza. Tangu uchumba, kwenye pikapu ya marehemu baba. Tunatazamana juu ya paa, ananikonyeza. Kukonyeza sikukutaja.

Fundi akatoka chini mzima mzima, anacheka. Akasema magari haya yana kikopo cha mkaa cha kunyonya mvuke wa petroli. Ukijaza kupita kiasi, petroli yenyewe inaingia mle, injini inaivuta, inapaliwa. Pampu ikikata, acheni! Mzee akiwa peke yake hana wa kutikisa naye, ndiyo maana gari linakuwa zima.

Basi nimerudi na dawa, na haitoki mdomoni. Nimwambieje? Watu wa umri wetu hawashikani mikono barabarani. Sisi tunatikisa gari.

Ijumaa, 14 Machi

Sijasema. Mzee kapeleka gari likaangaliwe kwa mara ya mwisho, karudi kimya. Nami kimya. Kaniuliza nina nini, nikasingizia jino. Chai tumeinywa kama tuko msibani.

Jumamosi, 15 Machi

Naandikia garini. Meneja kashika usukani, uso wa mkaguzi. Sisi wawili nyuma kama abiria. Kituo cha kwanza — cha mafuta! Eti anataka kuliona pale pale linapougulia. Ana akili, kalitoa wapi wazo hili?

Mzee akashuka kabla dada wa pampu hajafika. Akasimama upande wake, mikono juu ya paa. Nikatoa kichwa dirishani, nikamwaga yote kwa pumzi moja, fundi, kikopo, kupaliwa. Meneja akageuka: "Kumbe ugonjwa ni nyinyi!"

Mzee hakuondoa mikono. Akasema anajua. Fundi alimwambia jana. Alinyamaza kwa sababu aliogopa sitashuka tena.

"Sasa umekaa nini? Shuka, mama, tulitikise kabla halijajazwa."

Nikamwambia tukitikisa kabla ya kujaza hatuongezi hata tone.

"Nani kakuambia nilikuwa nafuata tone?"

Mzee huyu! Nimeshuka. Tumelitikisa hilo gari, tangi karibu tupu, Meneja ndani anayumba huku na huku, anapiga kelele baba! mama! watu wanaangalia! Dada wa pampu kasimama na mpira mkononi, hajui ajaze au aite mtu. Na kukonyezwa nimekonyezwa.

Nimerudi kitini. Pampu imekata. Hakuna aliyeongeza. Mfuniko umefungwa. Meneja kashika ufunguo, anatutazama kwenye kioo, anajikaza asicheke. Anasema likimisi, sheria ni ile ile. Mzee kanishika mkono — barabarani, mchana kweupe! Naandika kwa mmoja, kalamu inateleza. Ufunguo unazungushwa. Injini —