Ufunguo Uliotoka Bila Neno

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha polisi, chumba cha maelezo. Tarehe 10 mwezi wa saba, saa tatu na robo asubuhi.

Shahidi: Msichana, umri miaka kumi na minane. Amemaliza sekondari mwaka jana. Jina kamili liko ndani ya jalada; kazini anaitwa Karani.
Kazi: Kupokea magari na kuandika daftari katika gereji ya mjomba wake.
Makazi: Kwa mama yake, nyumba ya tatu nyuma ya gereji hiyo.

Afande amenionya kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimeelewa. Ameniruhusu niandike kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu nilipoanza kueleza hakunisikia, na aliponiambia niongeze sauti nikanyamaza kabisa.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni fundi wa magari. Yuko mahabusu hapa tangu jana. Anatuhumiwa kwamba alimkabidhi mteja gari lenye hitilafu bila kumwonya, na gari hilo likamvunja mtu mguu. Yeye mwenyewe amekubali. Nimekuja kusema kwamba alichokikubali si kweli.

Mnamo tarehe 2 mwezi huu, daktari wa meno ambaye ni mteja wetu mpya alileta gari lake la spoti, jekundu, la milango miwili, la kubadilisha gia kwa mkono. Alisema kila asubuhi gia ya pili inakuwa ngumu, anaisukuma na haiingii, lakini akishaendesha kidogo inalainika kana kwamba hakuna kilichotokea. Alikuwa ameudhika. Alisema gari la bei ile halipaswi kuwa na mambo ya punda.

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, likiwa limelala nje kwenye baridi, Mjomba alilijaribu, nami nikakaa kiti cha pembeni. Alitoka na gia ya kwanza, akakanyaga klachi, akagusa gia ya pili kwa vidole viwili tu. Ilikataa. Hakuisukuma. Aliirudisha katikati, akahesabu moja, mbili, akaigusa tena, ikaingia.

Akaniambia, "Umeona, Karani? Mafuta ya gia yakiwa baridi ni kama asali. Yakipata moto yanakuwa maji. Sasa mtu akilazimisha kabla ya hapo, anasaga meno."

Fundi wa umeme, ambaye sote tunamwita Waya, alituuliza tuliporudi gari lina nini. Mjomba akamweleza. Waya akacheka: "Kumbe ni kama Karani! Asubuhi umsalimie saa moja, aitikie saa mbili."

Mjomba akasema, "Mwache mwanangu. Naye mpe dakika kumi, anaingia mwenyewe."

Mjomba alibadilisha mafuta, kisha akafungua giaboksi na kukuta ringi ya shaba ya gia ya pili imelika. Ringi mpya iliagizwa na bado haijafika mpaka leo. Tarehe 8 jioni Daktari alipiga simu kwamba ana safari na atalichukua gari asubuhi, ringi itafungwa akirudi. Mjomba alikubali, akasema tu kwamba kuna sharti la kuendesha. Alimwambia maelezo atayapata akija kuchukua ufunguo, kisha akanieleza mimi: kwa dakika kumi za mwanzo aendeshe taratibu na asilazimishe gia ya pili.

Hapa lazima nieleze desturi ya gereji yetu. Mjomba haamini karatasi peke yake. Gari likiwa na jambo lililobaki, naandika kwenye kikaratasi na kukifunga kwa uzi kwenye ufunguo, lakini pia anayekabidhi ufunguo anasema jambo hilo kwa mdomo, na mteja analirudia kabla ufunguo haujaachiwa. Mjomba anaita hivyo "kurudishiwa". Wengine hucheka, wengine hununa, lakini wote hurudia. Nimemwona mzee mwenye malori sita akirudia kuhusu breki kama mtoto wa darasa la kwanza, na Mjomba ameshikilia ufunguo.

Jana, tarehe 9 mwezi wa saba, saa moja na dakika thelathini na tano asubuhi, Daktari alifika. Mjomba alikuwa kwenye shimo, chini ya basi dogo. Alisema kwa sauti, "Karani, mpe Daktari ufunguo. Mwambie ya gia ya pili. Akurudishie!"

Niliitikia, "Ndiyo, Mjomba."

Daktari alisimama mbele ya meza yangu akiongea na simu. Alinyoosha kiganja bila kunitazama. Nilisema, "Daktari, shikamoo. Mjomba amesema..." Aliinua kidole kimoja. Nikangoja. Nilikuwa nimeshika ufunguo kama ninavyotakiwa. Alipomaliza sentensi yake kwenye simu aliuliza, "Kuna kingine?"

Nikasema, "Hakuna."

Sijui kwa nini nilisema hakuna. Maneno nilikuwa nayo yote. Niliona aibu kumwambia mtu mzima wa namna ile arudie maneno yangu. Aliuchukua ufunguo, akaung'oa uzi kwa sababu ulimnasa kidole, akakiacha kikaratasi juu ya meza. Hakukisoma. Nilikichukua nikamfuata hadi mlangoni, lakini alikuwa ameshafunga kioo na injini inanguruma. Ningeweza kugonga kioo. Sikugonga.

Mjomba aliuliza kutoka shimoni, "Amekurudishia?"

Nikasema, "Ndiyo."

Naomba afande alipigie mstari neno hilo.

Kutoka getini kwetu barabara inapanda kidogo hadi kwenye barabara kuu. Hapo juu, kona ya kushoto, kuna kibaraza cha mama fundi cherehani. Yeye ndiye aliyenishonea sare zangu zote za shule, na kila mwaka aliniachia pindo refu akisema, "Utarefuka tu, hata kama husemi." Nililisikia gari likipanda kwa gia ya kwanza. Kisha nikasikia linasaga. Likasaga tena, kwa nguvu zaidi. Halafu injini ikapiga kelele bila kuvuta kitu, na baadaye ukaja mshindo wa mbao na chuma.

Tulipofika, saa moja na dakika arobaini na tano, gari lilikuwa limepanda kibarazani, cherehani iko chini, na mama yule amelala ubavu akishika mguu. Hakuwa analia. Aliniambia, "Mwanangu, yule alikuwa anatazama chini. Anapigana na kitu mapajani kwake, barabara hana habari nayo."

Daktari alitoka garini. Alisema gia ilikataa, akaikazania kwa mikono miwili, na alipoinua macho alikuwa ameshafika kibarazani. Kisha akasema fundi amempa gari bovu na hakumwambia neno. Hapo hakusema uongo.

Askari walikuja saa mbili na dakika kumi. Mmoja aliuliza nani aliyemkabidhi ufunguo. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Mjomba alinitazama mkono, ambao ulikuwa umefumbata kikaratasi, kisha akanitazama usoni. Akajibu, "Ni mimi. Nilisahau kumweleza." Daktari alikuwa ameinamia mama yule na sidhani kama alisikia. Mjomba akapelekwa. Hakugeuka nyuma.

Jioni Waya aliniambia huku akifunga vifaa, "Mjomba wako asahau? Mtu anayekumbuka bolti aliyoikaza mwaka juzi?" Mama naye nilimweleza yote jikoni. Akasema, "Kaka yangu ameshaubeba mzigo huu. Mwache aubebe, wewe ndiyo kwanza unaanza maisha." Mama ananipenda. Hajui kwamba nimekuja hapa.

Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa najiuliza kama aibu ni kosa. Nilipokuwa shule waliniandikia kwenye ripoti kwamba nina adabu, mkimya, na nilidhani ni sifa. Sasa naona kuna kunyamaza kwa adabu na kuna kunyamaza kunakovunja mguu wa mtu, na kwa nje vinafanana.

Afande ameniuliza kama nasema haya ili kumtoa mjomba wangu. Ndiyo, nataka atoke. Lakini hata angekuwa fundi nisiyemjua, kikaratasi kingekuwa kilekile. Nimekikabidhi leo pamoja na uzi wake. Kimeandikwa: "Gia ya pili ngumu likiwa baridi. Usilazimishe. Rudisha katikati, hesabu mbili. Dakika kumi." Mwandiko ni wangu.

Afande ameniambia kwamba ninaweza kushtakiwa kwa hili. Nimeelewa hilo pia.

Haya ndiyo niliyoyaona, na ambayo jana nilipaswa kuyasema kwa mdomo.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya askari: Shahidi aliandika mwenyewe, hakushurutishwa. Kikaratasi na uzi vimepokelewa kama vielelezo. Kwa utaratibu nilimtaka ayasome maelezo yake kwa sauti. Alikaa kimya kwa muda wa dakika kumi hivi, sikumharakisha. Kisha aliyasoma yote, mwanzo hadi mwisho, na askari wa mapokezi aliyasikia mlango ukiwa umefungwa. Alipomaliza aliniomba nimrudishie kwa maneno yangu alichosema, kuhusu nani alishika ufunguo. Nimemrudishia.