Picha ya Kwanza ya Kamera Mpya

Muscat

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za huko Kinole? Mgongo unaendeleaje, na pilipili manga zimeshika mwaka huu? Mimi afya ninayo, kazi ya kupakia viungo ghalani inaendelea, na joto la hapa ni lile lile. Ila moyo wangu si mzima, na sababu ni nyinyi.

Mnajua nilivyochoshwa na picha za simu ya Dada Zuhura. Kila nikiomba picha yako, uko mbali, kivulini, uso ni ukungu mtupu, naye anasema, "Simu yenyewe mbovu, mdogo wangu, nifanyeje?" Basi nikanunua na kuwatumia hiyo kamera ndogo inayounganishwa na simu bila waya, simu ikabaki kioo cha kutazamia, kamera ndiyo ipige. Nikamwelekeza Dada namna ya kuiunganisha mpaka sauti ikanikauka.

Ijumaa picha ikafika. Kwenye kioo cha simu yake pengine aliona ni zile zile. Mimi niliifungua kwenye kompyuta ya karani wetu, nikaikuza. Mama, kanga umeifunga maandishi yakiwa kichwa chini miguu juu, wewe uliyekuwa ukiturudisha ndani kwa kifungo kimoja kilichokosea tundu. Nikakuza tena. Macho yote mawili yana utando mweupe, tena hayatazami kamera, yanatazama kando kabisa. Nililia mbele ya karani, wala sikuona haya.

Mtoto wa jicho hatokei kwa siku moja. Juzi tu tulipopigiana kwa video uliniambia, "Mwanangu, umenenepa." Nimekonda, Mama, suruali naifunga kwa kamba. Maneno hayo ulinong'onezwa na nani?

Anayekusomea hapa ni Dada, najua, kwa kuwa mwenyewe huwezi tena. Ndiyo maana nimeandika. Kwenye simu yeye hudakia kila nikiuliza jambo. Dada, usiruke mstari.

Mtasema mlinionea huruma, nisije nikaacha kazi. Huruma gani hiyo? Ugonjwa huo hutibiwa, watu wanafanyiwa upasuaji na wanaona tena, na nyinyi mmekaa kimya huku giza likiingia. Mmenifanya mgeni wa sebuleni, asiyetakiwa kujua jikoni kinaungua nini. Imeniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Mjomba Kondo nimeshamweleza. Atakuja kukuteremsha mpaka hospitali mjini Morogoro, na daktari ndiye atakayetuambia kama tumechelewa. Nakusihi usimkatalie kaka yako.

Nisalimie Mama Mdogo Asha, shemeji yangu mume wa Dada, na yule jirani anayewaazima ngazi ya kuchumia karafuu. Dada simpi salamu safari hii, na hilo nalo akusomee kwa sauti.

Mwanao,
Hamisi