Kusimamia Drafti kwa Mshahara

Same, Jumamosi

Sijui leo nilikuwa kazini au nilikuwa kwenye drafti.

Tangu tupunguzwe kazi shamba la mkonge, nimekuwa nikicheza na kusimamia drafti kwenye baraza la duka la Mzee Mbwambo, bure, kwa kupenda tu. Sheria yetu ni moja: anayefungwa anainuka, anampisha mwingine.

Asubuhi Mzee kaniambia, "Kijana wangu, kuanzia leo nitakulipa. Ila asiyenunua soda asikalie kiti changu."

Nilikubali haraka. Siku hizi madukani kila kitu kipo, isipokuwa nyumbani kwangu.

Mchana Elisante, niliyekata naye mkonge miaka yote, aliwafunga wote waliokuja. Hakuwa amenunua kitu. Mzee akanitazama kutoka dirishani. Nikamwambia Elisante apishe.

Kwanza aliutazama ubao, akidhani amefungwa bila kujua. Halafu akainuka.

"Sawa, bosi."

Hajawahi kuniita hivyo.

Mke wangu amefurahi kwamba nimepata kazi. Na mimi nimefurahi, kusema kweli. Sijamwambia tu kwamba sina tena mahali pa kucheza.