Paka Wako Aliyenikosea Adabu

Mpendwa mama mkwe,

Shikamoo. Najua huko uliko huwezi kuitikia marahaba, lakini nikianza bila salamu utanikasirikia hata kaburini, na hasira zako nilizionja miaka sita.

Nakuandikia habari za Diwani, paka wako, uliyempa jina hilo kwa sababu kila asubuhi huzunguka nyumba zote za kijiji, kisha hurudi kulala. Tulipomaliza msiba, ukoo ulikaa kugawana vitu vyako. Majembe yalipata wenyewe, hata kinu kiligombewa. Ilipofika zamu ya Diwani wote wakatazama pembeni, mpaka baba mdogo akasema, "Paka abaki na mke wa mkubwa," yaani mimi, mke wa mwanao wa kwanza. Wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilijua paka yule hanipendi, na nilijua kajifunza kwako.

Unakumbuka siku niliyoletwa hapa kutoka Ihanja? Nilipiga magoti nikakusalimia, ukaitikia kwa neno moja, ukaendelea kupepeta uwele. Paka naye akaja kasimamisha mkia wima, akanigeuzia makalio. Kwetu mtoto akimfanyia mkubwa hivyo anachapwa. Nikasema moyoni, humu wamenikataa wote wawili.

Ikawa hivyo kila siku. Nikimtazama, anafumba macho nusu, taratibu, kama mtu aliyechoshwa na mgeni. Nikikaa, anasugua kichwa miguuni pangu, nami nikadhani ananisukuma nitoke. Baya zaidi, nikijilaza mchana alinipandia tumboni akanikanda kwa miguu ya mbele. Mwaka wa pili ulikuwa unapita sijashika mimba, na niliamini kabisa umemtuma akague. Siku moja nikamtupa chini. Ukaniambia tu, "Mwache, ana kazi yake." Mama, maneno hayo yaliniharibia chakula wiki nzima.

Halafu yule panya. Nilimkuta amekufa, kalazwa juu ya kandambili zangu kwa unadhifu. Nilipokulalamikia ulisema, "Si kakuletea? Sema asante." Nikaenda kulia nyuma ya kihenge cha nafaka.

Kwa hiyo nilipoachiwa paka huyo nilimwahidi shemeji, mdogo wake mume wangu anayefuga nyuki Rungwa. Panya wanamtafunia nta. Tukakubaliana aje Jumamosi na kiroba cha kumbebea.

Jumanne bwana mifugo akaja kuwachanja kuku dhidi ya ugonjwa wa kideri. Huku nikimshikia kuku, nikamshtaki yule paka kwake kwa makosa yote, moja baada ya jingine. Akaacha kazi akanitazama.

"Mama, mkia wima ndiyo shikamoo yake," akasema. "Akikufumbia macho vile, anasema hakuogopi. Kukanda alijifunza akinyonya kwa mama yake, na hamfanyii mtu asiyemwamini. Panya alikuletea kitoweo."

"Na makalio?"

"Hiyo ni heshima kwao. Hata mimi nisingeijua kama nisingesomea." Akatia tone jingine la dawa kwenye jicho la kuku. "Akilaza masikio nyuma na kupigapiga mkia, hapo ndipo umkimbie. Amewahi?"

"Kwa mume wangu tu."

Basi miaka sita nilikuwa nasalimiwa, siitikii. Mimi, niliyefundishwa adabu mpaka magoti yakaota sugu. Alipoondoka nikavuta kigoda mbele ya Diwani, nikamfumbia macho polepole. Jirani akapita, akaniuliza kama nimepata ugonjwa wa macho, akanishauri niende zahanati Nduguti. Diwani akanifumbia yake. Niliona aibu mbele ya paka, mama, aibu ya kweli.

Jumamosi shemeji akafika na kiroba chake.

"Shemeji, paka haendi," nikamwambia.

Akakaa chini, akacheka, akakikunja kiroba. "Hata mama alininyima. Nilimwomba akiwa kitandani. Akasema, 'Huyu namwachia mke wa kaka yako. Yule binti nampenda, ila mimi maneno hayo hayanitoki. Labda paka atamwambia.'"

"Na siku zote hizi hukuniambia?"

"Shemeji, nilikuwa namtaka paka."

Nilitaka kumpiga na mwiko. Badala yake nikaingia jikoni nikalia, na mume wangu alipouliza nikasingizia moshi, ingawa jiko lilikuwa halijawashwa.

Mama, ungeweza kuniambia. Tulikaa jiko moja miaka sita, tukachambua mboga za sufuria moja, na mimi usiku nikihesabu makosa yangu nisiyoyajua. Lakini nami ningeweza kukuuliza, nikaona ni afadhali kununa. Siku zako za mwisho nilikuwa nakuogesha, nikikugeuza taratibu nisikuumize, na mdomo nimeufunga. Nilikuwa nakupenda wakati ule ule. Sikukwambia hata mara moja, na mimi huko uliko sina paka wa kumtuma.

Pumzika, mama.

Mkweo,
mke wa mkubwa