Tangazo Lililolala Usiku Mmoja

Kiwengwa, 9 Septemba 2025

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai kifua kimepoa, na ile dawa unakunywa, si unaiweka tu dirishani. Mimi mzima, ila roho imechafuka.

Jana niliita mkutano wa kina mama wanaotuuzia mwani hapa kiwandani. Bi Nadra, mkuu wangu, anataka waache kuanika mchangani, waanike juu ya vichanja, maana sabuni inatoka na mchanga. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Nikishindwa, mkataba wa kazi sipati. Tangazo niliandika kwa dakika tano, nimesimama, nikalibandika dukani: “Mnatakiwa Jumatatu saa nne asubuhi bila ya kukosa.” Nikapanga viti arubaini, nikakaa peke yangu. Wamenigomea, Baba!

Suhaib, dereva wetu, anakuletea tangazo la pili. Ni kali. Lisome, ulirejeshe nilibandike.

Mwanao,
Zeyana

Malindi, 11 Septemba 2025

Zeyana mwanangu,

Marahaba. Kifua hakijambo. Dawa nakunywa, jirani yetu Bi Amne anasimama mlangoni mpaka nimeze.

Tangazo lako sikurejeshei. Watu wazima umewaita wavivu! Miaka thelathini nimechapa barua za ofisi, na kila iliyoandikwa kwa hasira niliilaza sarakani mwa meza mpaka asubuhi. Nyingi hazikutoka tena.

Na Jumatatu hiyo mwezi ulikuwa mpevu. Bamvua, mtoto wa mjini wewe! Saa nne maji yamekupwa mpaka mbali, na bibi yako wa Makunduchi saa hiyo asingetoka kwenye mwani wake hata kwa harusi. Hawakukugomea. Wao walikuwa kazini, wewe ndiye uliyekuwa umekaa.

Nenda kwao ukaulize kwanza. Kisha andika jingine, lilaze, lisome kwa sauti.

Baba yako,
Haroub

Kiwengwa, 19 Septemba 2025

Baba,

Shikamoo. Hali yako? Msalimie Bi Amne. Mimi nimeona haya, lakini nimekwenda.

Bi Mwanakheir, kiongozi wao, alinipa kamba nifunge mwani. Nikafunga ovyo, wakanicheka mpaka wakakaa majini. Vichanja hawavikatai hata kidogo. Walikuwa wanajiuliza miti ya kuvijengea ataitoa nani. Sisi ofisini hilo hatukulifikiria. Nimemwambia Bi Nadra, amekubali kiwanda kitoe.

Tangazo nimeliandika mara nne. La tatu lililala, asubuhi nikaona nimesahau kutaja miti. Hili hapa, na siku nimechagua ambayo bahari haikupwi sana:

“Kina mama, assalaam alaykum. Tunaomba tuonane Jumatatu tarehe 29, maji mafu, saa kumi jioni, barazani kwa Bi Mwanakheir. Tuzungumze vichanja. Miti itatoka kiwandani. Anayeona saa haimfai, aniambie.”

Nirekebishe wapi?

Mwanao,
Zeyana

Malindi, 21 Septemba 2025

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kizuri. Libandike.

Baba yako

Kiwengwa, 3 Oktoba 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Natumai kifua bado kizuri.

Walikuja thelathini na nane. Bi Mwanakheir alipika chai, na nusu ya mkutano tulikuwa tunabishana vichanja viwe vya urefu gani. Vitatu vimeshasimama. Mkataba nimetia saini juzi.

Lile tangazo kali, kama bado liko sarakani, lichane.

Barua hii nimeilaza siku mbili. Kila asubuhi nimefuta kitu, isipokuwa hili: nakupenda, Baba, na Ijumaa ijayo nakuja tule pamoja.

Mwanao,
Zeyana